Boulenger, mtu aliyeandika mukeke katika kitabu

Ukisimama asubuhi hapa Kavimvira, pembeni ya barabara inayoenda kwenye mpaka, utaona akina mama wamebeba beseni kichwani. Hakuna mama anayesema anauza samaki tu. Anasema mukeke, anasema kuhe, anasema sangala, ndagala, lumpu. Kila samaki ana jina lake na bei yake, na ukikosea jina watakucheka. Majina haya tuliyapata kwa wazee, na wao waliyapata kwa wazee wao.

Lakini kuko majina mengine ya samaki hao hao. Ni yale ambayo watafiti wanaandika, na ndiyo yanayosomwa wakati wakubwa wa nchi nne za ziwa, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, wanakaa mezani kupanga sheria za uvuvi. Katika makaratasi hayo mukeke anaitwa Lates stappersii, na nyuma ya jina wameandika Boulenger, 1914. Kuhe ni Boulengerochromis microlepis, na nyuma yake tena Boulenger, 1899. Lumpu ni Limnothrissa miodon, Boulenger, 1906.

Huyu Boulenger ni nani basi, ambaye jina lake linatembea nyuma ya samaki wa sahani yetu? Hakuwa mvuvi, na wavu hapa hakuutupa hata siku moja. Leo nataka kueleza maisha yake, juu mimi ni mtu wa sendika ya migodi, na katika kazi yetu tunajua kitu kimoja: yule anayeshika daftari la majina ana nguvu kuliko yule anayeshika chepeo.

Georges Albert Boulenger alizaliwa Bruxelles, Ubelgiji, tarehe 19 Oktoba 1858. Alikuwa mtoto mwanaume mmoja tu wa notere mmoja. Notere ni yule mtu wa makaratasi: anaandika nani ameuza shamba, nani amerithi nyumba. Mtoto hakurithi kazi ya baba, lakini nafikiri ile tabia ya kuandika kila kitu mahali pake aliitoa nyumbani. Alisoma kwenye Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles, akamaliza mwaka 1876, akaanza kazi kwenye nyumba ya makumbusho ya viumbe palepale Bruxelles. Alipenda vyura, mijusi na nyoka mbele ya kupenda samaki.

Mwaka 1880 mkubwa mmoja wa makumbusho ya London, Albert Günther, alimwita aende kupanga vyura waliojaa kwenye chupa za makumbusho hayo. Ili apate kazi ya serikali ya Uingereza ilibidi achukue uraia wa Uingereza, akauchukua. Mwaka 1882 alipewa cheo cha msaidizi wa daraja la kwanza. Wenzangu wa sendika, sikieni vizuri hapa: alibakia katika cheo hicho hicho mpaka alipoenda pensioni mwaka 1920. Miaka 38 katika daraja moja! Ingekuwa kwetu, delege wa wafanyakazi angekuwa ameshaandika barua ngapi?

Cheo hakikupanda lakini kazi ilizidi tu. Mwaka 1882 alitoa orodha ya vyura. Kati ya 1885 na 1887 akatoa vitabu vitatu vya mijusi. Kati ya 1893 na 1896 vitatu tena, vya nyoka. Mwaka 1894 wasomi wakubwa wa Uingereza walimpokea katika chama chao, Royal Society. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa na kichwa cha ajabu: mnyama aliyemwona mara moja na jina lake hakuwasahau tena. Alikuwa akiandika mara moja tu, bila kurudia, na karatasi zake zilienda kwa wapiga chapa karibu bila masahihisho. Alisema Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani, alisoma Kihispania na Kiitaliano na Kirusi kidogo, na jioni alipiga fidla.

Sasa tufike kwetu. Karibu na mwaka 1898 sanduku za samaki kutoka Kongo zilianza kufika mezani kwake kwa wingi. Wengine waliletwa na Mwingereza J. E. S. Moore, aliyekuja Tanganyika mara mbili, kwanza 1895 mpaka 1896, tena 1899 mpaka 1900. Wengine walitoka kwa Charles Lemaire, ofisa Mbelgiji aliyeongoza misioni ya Katanga. Kwa samaki wa Lemaire ndiyo Boulenger alipata kuhe na kumwandika mwaka 1899. Mwaka 1901 akatoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa bonde lote la Kongo.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Kile kitabu cha 1901 kilichapishwa na ile Etat Indépendant du Congo, yaani serikali ya Leopold wa Pili. Ni miaka ile ile ya mpira mwekundu, wakati baba zetu walikuwa wakikatwa mikono juu kilo hazikutosha. Upande mmoja wa serikali ile, samaki anahesabiwa gamba kwa gamba, anachorwa vizuri, anapewa jina la Kilatini. Upande mwingine, mtu anakufa porini na hakuna anayemwandika. Sisemi Boulenger alimkata mtu mkono, yeye alikuwa London na chupa zake. Lakini anayesoma maisha yake huku Kongo hawezi kupita hapo akifumba macho.

Sasa, kazi yenyewe ilikuwa namna gani? Watu wengi wanafikiri kupa samaki jina ni kama kupa mtoto jina, unasema tu. Hapana. Samaki alifika akiwa ndani ya alkoli, na kikaratasi: mahali alipovuliwa, siku, jina la aliyemleta. Boulenger alimpima urefu, akapima kimo cha mwili, ukubwa wa kichwa na wa jicho. Akahesabu miiba migumu ya pezi la mgongo, kisha ile milaini. Akahesabu magamba kwenye mstari wa ubavu. Akafungua mdomo akaangalia meno, akafungua mashavu akahesabu vile vijiti vya ndani. Kisha akalinganisha na samaki wote waliojulikana tayari. Kama hesabu zinalingana, ni ndugu wa zamani. Kama hazilingani, ni aina mpya, na inaandikwa.

Jina lenyewe lina sehemu mbili, karibu kama yetu: la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Kwa kuhe, microlepis ni neno la Kigiriki, maana yake magamba madogo. Tena kuko alama ndogo ambayo watu hawaioni. Kwa mukeke, katika vitabu vya leo, jina la Boulenger na mwaka 1914 vinakaa ndani ya mabano. Mabano yale yanasema kwamba yeye alimweka katika ukoo mwingine, Luciolates, na watu wa nyuma wakamhamisha. Jina la aliyeandika kwanza halifutwi, kosa lake pia halifichwi. Ningependa kuona daftari za migodi zinaandikwa namna hiyo.

Na jambo kubwa kuliko yote: yule samaki aliyehesabiwa hatupwi. Anawekwa, ndiye shahidi. Baada ya miaka mia mtu akibisha, anaenda, anafungua chupa, anahesabu upya. Neno la mkubwa halitoshi, lazima samaki mwenyewe awepo.

Wakati ule kulikuwa na ubishi mkubwa juu ya ziwa letu. Moore aliona konokono wa Tanganyika wanafanana na wa baharini. Aliona pia ile yavuyavu ndogo inayoelea majini, wakati yavuyavu kwa kawaida ni ya bahari. Akasema Tanganyika ni kipande cha bahari ya zamani sana kilichobakia katikati ya Afrika, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima juu ya hiyo. Wazo tamu, watu walilipenda. Lakini samaki waliohesabiwa mezani kwa Boulenger hawakulipa nguvu: wengi walikuwa wa jamii ya sikilidi, ndugu wa wale wa mito na maziwa mengine ya Afrika. Leo tunajua ziwa lina mamilioni ya miaka, lina zaidi ya aina 200 za sikilidi, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Hawakutoka baharini, walizaliana na kugawanyika humu humu. Mwaka 1905 Boulenger alikuwa kiongozi wa kikundi cha elimu ya wanyama katika mkutano wa wasomi wa Uingereza uliofanyika Afrika Kusini, na mada yake ilikuwa samaki wa maji baridi wa Afrika. Kwenye ziwa letu hakufika.

Mukeke sasa. Hadithi yake inaanza mbali sana, kwenye barafu. Kulikuwa na meli ya Wabelgiji, Belgica. Kati ya 1897 na 1899 ilienda mpaka upande wa kusini kabisa wa dunia, ikashikwa na barafu, ikapita majira ya baridi nzima humo. Mwaka 1907 meli hiyo hiyo ilienda na Duke wa Orléans upande wa kaskazini, kwenye bahari ya Kara, juu ya Urusi. Wanyama wadogo wa jamii ya kamba waliovuliwa katika safari hiyo walipewa daktari mmoja kijana Mbelgiji awapange. Jina lake Louis Stappers, aliyezaliwa 1883. Kitabu chake juu yao kilitoka 1911.

Miaka ile ile ya 1907 mpaka 1909, kwenye barafu ya kusini, Mskoti James Murray, aliyekwenda na Shackleton, alikuwa anatafuta wanyama wadogo zaidi. Kati yao ni wale tadigradi, wanaoitwa dubu wa maji: miguu minane, mwili mfupi mnene, wengi hawafiki milimita moja. Wanaishi kwenye yale majani madogo ya kijani yanayoota kama mkeka juu ya mawe yenye unyevu. Maji yakiganda au yakikauka, wanajikunja na kulala, maji yakirudi wanaamka. Kuwatofautisha unahesabu kucha za miguu, unaangalia ngozi, unaangalia mdomo na umbo la mayai. Ni kazi ile ile ya Boulenger, tofauti ni kwamba mnyama ni mdogo na vidole vinaganda. Barafu au jua, mnyama anapata jina kwa kuhesabiwa.

Basi Stappers, mtu wa kamba wa bahari ya barafu, aliletwa huku kwenye joto. Kutoka 1911 mpaka 1913 aliongoza misioni ya kuchunguza Tanganyika na ziwa Moero. Samaki aliowakusanya walienda kwa Boulenger, na mwaka 1914 mmoja wao, mrefu, mwembamba, mweupe, akapewa jina la daktari: stappersii. Ndiye mukeke wetu. Stappers hakukaa sana duniani kumfurahia, alikufa 1916, ana miaka kama 33. Kila anayekula mukeke Uvira au Bujumbura anakula samaki mwenye jina la kijana yule, wala hajui.

Vita ilikuwa imeshaanza, hata juu ya maji yetu meli za Wajerumani na za upande wa pili zilipigana. Boulenger aliendelea kuhesabu. Orodha yake ya samaki wa maji baridi wa Afrika nzima ilitoka katika vitabu vinne: 1909, 1911, 1915 na 1916. Kijana wa makumbusho yale yale, Charles Tate Regan, alianza kupitia kazi ya mkubwa wake na kusahihisha. Regan ndiye aliyemwandika ndagala, Stolothrissa tanganicae, mwaka 1917, na mwaka 1920 alipanga upya sikilidi wa Tanganyika.

Mwaka huo huo wa 1920 Boulenger alienda pensioni. Ukifanya jumla, alikuwa ameandika aina mpya 1,096 za samaki, 556 za vyura na ndugu zao, 872 za wanyama wanaotambaa. Ni zaidi ya 2,500. Maandiko yake madogo yalifika 875. Na mtu huyu, alipofunga mlango wa biro, aliacha samaki na nyoka, akageukia maua! Alianza kupanga aina za mawaridi ya Ulaya, akatoa vitabu viwili vyake kati ya 1924 na 1932. Mwaka 1937 Ubelgiji ilimpa nishani ya Leopold, na tarehe 23 Novemba mwaka huo alikufa Saint-Malo, Ufaransa, akiwa na miaka 79.

Ndiyo maisha yake. Sasa niseme kwa nini nimeyaleta hapa.

Zamani kwenye mgodi mmoja nilikofanya kazi, shimo liliporomoka, mwenzetu akafa. Tulienda kudai haki ya mjane. Wakafungua daftari. Kulikuwa na jina la utani tu, lile tulilomwita shimoni. Jina lake la kweli halikuandikwa, kijiji hakikuandikwa, siku aliyoanza kazi haikuandikwa. Wakatuambia mtu huyo hawamjui. Mjane alirudi mikono mitupu. Tangu siku hiyo ninaposikia mtu anasema majina katika kitabu ni mambo ya wasomi, ninamkatalia. Kisichoandikwa vizuri hakina wa kukitetea.

Mukeke vilevile. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Tanganyika miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Kufunga kunauma, juu watoto wanakula kila siku. Lakini kama tunataka kubishana, au kukubali kwa akili, lazima mtu aseme ni samaki gani wanapungua, wanazaa wakati gani, wapi. Ukimchanganya mukeke mdogo na samaki mwingine katika hesabu, sheria itakuwa ya uongo, na anayelipa uongo huo ni mvuvi.

Lakini kazi ya Boulenger ina tundu mbili, na tusizifiche. Ya kwanza: alkoli inakula rangi. Yeye alimwona samaki amekufa, amepauka. Baadaye watafiti waliona kwamba samaki wengine wa mawe mawe ya ziwa wanatofautiana sana kwa rangi na kwa mahali wanapokaa. Mvuvi alijua hilo tangu zamani, lakini hakuulizwa. Tundu ya pili: kikaratasi cha chupa kiliandika Moore, kikaandika Lemaire, kikaandika Stappers. Nani alipiga kasia? Nani alijua usiku gani mukeke anapanda, nani alitoa samaki kwenye wavu akasema huyu anaitwa hivi? Mtu huyo alikuwepo, kazi hiyo haifanyiki bila yeye. Katika daftari hayupo, kama yule mwenzetu wa shimoni.

Hapa Uvira tuko na kituo cha utafiti wa maji, CRH, na kuko watoto wetu wanaojua kuhesabu magamba na miiba kama Boulenger, tena wanaona samaki akiwa mzima na rangi zake. Ninaomba mambo mawili tu. Wanaoshika pesa wawape hao vijana chupa, alkoli, mafuta ya mashua na mshahara unaofika kila mwezi. Na vijana wenyewe, wakiandika kikaratasi cha chupa, baada ya mahali na siku, waongeze mstari mmoja: jina kamili la mvuvi.